Simu ilijua mimi ni nani, haikujua kama bado niko hapo

Miezi kadhaa iliyopita nilikwapuliwa simu. Sio kwamba ilichomolewa mfukoni, hapana, niliporwa mkononi kabisa nikiwa naandika meseji, kioo kinawaka, kidole gumba kiko juu ya herufi, jamaa akapita kwa kasi na mimi nikabaki nimekunja vidole kama vile bado nimeshika kitu. Ila kilichoniumiza zaidi nilikifanya mwenyewe dakika chache kabla, nilikuwa kwenye foleni nikalipia kitu kwa simu na nikaandika namba ya siri bila kuifunika, na naamini kuna mtu nyuma yangu aliisoma. Mpaka nimepata simu ya kuazima na kuwapigia huduma kwa wateja, hela ilishatoka mara tatu.

Simu yangu ilikuwa na alama ya kidole, ilikuwa na nywila ndefu, yaani kila kitu tunachoambiwa tuweke nilikuwa nimeweka. Havikusaidia kwa sababu mlango niliufungua mimi mwenyewe, na ulikuwa bado wazi wakati simu inahama mkono.

Tangu siku hiyo nimesoma sana kuhusu hili jambo na nimejaribu vitu kwa mikono yangu, na nataka niandike nilichokielewa maana naona mazungumzo mengi ya ulinzi wa malipo yanahusu kufuli tu, kufuli kubwa zaidi, kufuli ngumu zaidi. Kufuli tulizonazo ni ngumu tayari jamani. Apple wanasema uwezekano wa kidole cha mtu baki kukubaliwa na Touch ID ni 1 kati ya 50,000 na kwa uso kwenye Face ID ni 1 kati ya 1,000,000, sasa hapo unataka nini tena? Shida ni kwamba kufuli inauliza swali mara moja, wewe ni nani, ukishajibu inanyamaza. Hairudi kukuuliza kama bado ni wewe. Na kibaka wa siku hizi anaingilia kwenye huo ukimya, hana haja ya kuvunja chochote.

Kwaiyo swali langu likawa, kuna kitu gani kwenye mwili wangu ambacho kinaweza kuiambia simu kila sekunde kwamba mwenye simu bado yupo?

Jibu la kwanza nililolipata limekaa kwenye saa janja. Ukiivua saa ukaigeuza gizani utaona taa za kijani zinawaka mgongoni mwake. Zile taa zinawaka na kuzima mamia ya mara kwa sekunde, haraka kiasi kwamba jicho linaona kama mwanga mmoja tu uliotulia. Damu inameza mwanga wa kijani, moyo ukipiga damu inajaa kwenye mishipa ya mkono na mwanga unaorudi kwenye sensa unapungua, kati ya pigo na pigo unaongezeka tena, basi saa inahesabu hayo mawimbi na kukupa mapigo ya moyo. Ila kwa upande wa malipo kazi muhimu ya hiyo sensa sio namba ya mapigo, ni kujua kama saa iko kwenye ngozi au imevuliwa. Apple Watch ilivyoanza kuuzwa Aprili 2015 ilikuja na utaratibu huu, unaivaa, unaandika namba ya siri mara moja, na muda wote ikiwa imeshika mkono inabaki wazi na inaweza kulipa, ukiivua inajifunga na anayeitaka aanze upya na namba ya siri.

Naomba nikae kidogo hapa maana kuna jambo ambalo nilipoliona nililiwaza siku nzima. Kwa utaratibu huu namba ya siri unaiandika asubuhi, chumbani, ukiwa peke yako unavaa saa. Huiandiki kwenye foleni. Yaani ile sekunde ambayo mimi niliibiwa namba yangu, haipo kabisa. Mtu akisimama nyuma yako siku nzima hana cha kusoma, na akikukwapua saa mkononi, mkanda ukifunguka tu ngozi imeachana na sensa na ile ruhusa imekufa. Siri haionekani hadharani, na kile kifaa kinachobeba ruhusa kinajua kimetoka kwa mwenyewe. Kwangu hayo mawili ni makubwa kuliko kuongeza tarakimu mbili kwenye namba ya siri.

Lakini sikutaka kuamini tu nikaingia kwenye kujaribu. Nilichukua saa yangu nikaifunga kwenye roli ya tishu, nikaibana vizuri kama mkono, nikafungua sehemu ya mapigo ya moyo. Ilizunguka kidogo, alafu ikaniletea namba, 70 na kitu, na mstari unapanda na kushuka vizuri tu kama wa mtu aliyelala. Roli ya tishu! Nilikaa naiangalia. Maelezo yake sio magumu, sensa inatafuta mabadiliko madogo ya mwanga unaorudi, na programu imefundishwa kutafuta mdundo humo ndani, sasa kitu cheupe kinarudisha mwanga mwingi wenye kelele kidogo na programu inaokota mdundo ambao haupo.

Hapo nikaelewa vizuri sensa ya mwili inatoa nini na haitoi nini. Haijui kama ni mimi. Hata kama ni binadamu haina uhakika. Inachojua ni kwamba tangu ile namba ya siri iandikwe hakuna aliyekata mgusano, na nguvu yake yote iko hapo, kwenye kutokatika. Mwizi ili afaidi anatakiwa aihamishe saa kutoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwake bila sensa kuona pengo. Nikajaribu na hiyo, nikalegeza mkanda nikaitelezesha haraka kwenda mkono wa pili. Mara nyingi ilijifunga, lakini zipo mara nilizofanikiwa ikabaki wazi kwa sababu saa yangu inavumilia pengo dogo ili isikusumbue ukiwa unaisogeza sogeza mkononi. Ule uvumilivu ndo mahali ambapo watengenezaji wanatakiwa kuwa wakali, kwa maoni yangu saa ijifunge hata kwa wasiwasi kidogo pale inapokuwa na hela ndani, ukisumbuka kuandika namba ya siri mara mbili kwa siku sio mbaya.

Kuna waliotaka kwenda mbali zaidi, moyo wenyewe uwe utambulisho. Kampuni ya Nymi ya Toronto ilitengeneza bangili inayosoma umeme wa moyo pale unapoivaa, na Mastercard walishirikiana nao kujaribu malipo. Wengine wanasoma mwendo wako, jinsi unavyotembea, kwa kutumia sensa ya mwendo iliyomo kwenye kila simu. Mimi hapa nina msimamo wangu, sipendi. Namba ya siri ikivuja nabadilisha, moyo wangu ukivuja nabadilisha na nini? Na mwendo unabadilika ukibeba mzigo au ukiumia mguu, ina maana siku umepata matatizo ndo siku simu inakukataa. Mwili utumike kusema nipo, na jina langu nilithibitishe kwa njia nyingine.

Tukirudi kwenye simu yenyewe bila saa, Android mwaka 2015 walileta kitu cha kugundua kama simu iko mwilini, ukiifungua inabaki wazi mradi sensa ya mwendo inaona imebebwa, ukiiweka mezani inajifunga. Wazo zuri lakini Google wenyewe walionya kwamba simu haijui ni mwili wa nani. Ukimpa mtu mwingine ikiwa wazi inabaki wazi. Kwa kibaka hiyo ni zawadi, maana anakimbia nayo, na mtu anayekimbia na simu mfukoni kwa sensa ni mwili tu kama mwili mwingine. Ilibidi tusubiri mpaka 2024 ndo wakageuza swali, badala ya kuuliza simu imebebwa au la, wakaanza kuangalia ule mtikisiko wa kunyang'anywa, mvuto wa ghafla alafu mbio au chombo kinachoondoka kwa kasi, simu ikiona hivyo inafunga kioo hapohapo. Nilivyosoma maelezo yake niliiona siku yangu kabisa, ule mvuto naukumbuka mpaka kwenye kiwiko. Mwaka huohuo Januari Apple nao walitoa kinga ya simu iliyoibiwa, ukiwa nje ya maeneo uliyozoea mambo mazito yanataka uso au kidole bila njia ya mkato ya namba ya siri, na mengine yanakulazimisha usubiri saa nzima. Hizo zote mbili zinakubali kwamba mwizi anaweza kuwa na simu iliyo wazi, na ya Apple inakubali kabisa kwamba anaweza kuwa na namba ya siri pia, na sisi tuliokwisha kuporwa tunajua huo ndo ukweli.

Sasa upande wa ukaribu, na hapa ndo nilijifunza zaidi. Wazo ni rahisi, simu ikubali kulipa kama tu saa yangu au bangili yangu iko karibu, mwizi akiondoka na simu, saa imebaki mkononi mwangu, basi simu ikose nguvu ya kulipa. Swali ni simu inajuaje kwamba saa iko karibu? Njia iliyozoeleka ni kupima nguvu ya mawimbi ya bluetuthi, yakiwa makali ni karibu, yakiwa hafifu ni mbali. Nikaweka programu ya kuonesha hiyo nguvu, simu mezani, saa mkononi, nikasimama hatua tatu kutoka mezani. Namba ikawa inacheza kwenye -55 (namba hizi ni hasi, ikikaribia sifuri mawimbi ni makali zaidi). Nikageuka tu, sijasogea hata kidogo, nimegeuza mgongo ili mwili uwe katikati, namba ikaanguka mpaka -75. Nikatoka chumbani nikasimama kwenye korido mkabala na mlango ulio wazi, ikarudi -65. Yaani kwa simu mimi wa kwenye korido niko karibu kuliko mimi niliyesimama hatua tatu nimeipa mgongo, kwa sababu mwili wetu umejaa maji na maji yanameza yale mawimbi. Huwezi kulinda hela za mtu kwa kipimo kama hicho.

Na mbaya zaidi nguvu ya mawimbi inaongezwa na mtu yeyote mwenye kikuza mawimbi. Wenye magari ya funguo za kukaa mfukoni wanalijua hili. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walijaribu magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8, yote yakafunguka na kuwaka kwa kurefusha mawimbi ya funguo iliyokuwa mbali. Gari liliona mawimbi makali likasema mwenye gari amefika.

Dawa yake ni kupima muda, sio nguvu. Mawimbi ya redio yanaenda kwa kasi ya mwanga, karibu sentimita 30 kwa kila nanosekunde moja, na hakuna mwizi anayeweza kuyafanya yaende haraka zaidi ya hapo. Anaweza kuyakuza, anaweza kuyapitisha kwenye intaneti, lakini kila anachofanya kinaongeza muda tu. Watafiti wa usimbaji, Stefan Brands na David Chaum, waliandika hili mwaka 1993, kifaa kimoja kinarusha swali la biti moja, yaani 0 au 1 tu, kingine kinajibu papo hapo, wanarudia mara nyingi, na muda wa jibu unakuambia umbali ambao kile kifaa kingine hakiwezi kuwa mbali zaidi yake. Miaka ile vifaa vya kupima nanosekunde kwenye mfuko wa suruali havikuwepo. Leo vipo, ndo hizo chipu za UWB, redio ya masafa mapana sana, ambazo iPhone 11 ilikuja nazo mwaka 2019 na simu nyingine zikafuata. Zinarusha mapigo mafupi mno ya redio na kupima safari yake kwa usahihi wa kama sentimita 10, na kiwango cha kiufundi cha mwaka 2020 kikaongeza mfuatano wa siri kwenye mapigo yenyewe ili mtu asiweze kurusha jibu kabla ya wakati. Hata hivyo mwaka 2022 watafiti walionesha kwamba kwenye baadhi ya chipu umbali wa mita 12 unaweza kusomeka kama 0, haikufanikiwa kila jaribio, kwa juu ilikuwa kama asilimia 4, ila asilimia 4 kwenye malipo ni nyingi. Bluetuthi nayo toleo la 6.0 la mwaka 2024 imeleta namna yake ya kupima umbali badala ya kubahatisha kwa nguvu. Mwelekeo ni mzuri na mimi nafurahi kuuona.

Sasa mtu ataniuliza, mbona NFC, ile ya kugusisha simu kwenye mashine, inafanya kazi kwa sentimita chache tu, si hiyo tayari ni ukaribu? Nami niliamini hivyo miaka mingi. Kumbe ule ukaribu ni wa antena, sio wa kanuni. Kiwango kinachotumika kinaruhusu kadi au simu ichelewe kujibu, na kwa mpangilio wa juu kabisa inaweza kuchukua karibu sekunde 4.9. Fikiria, ndani ya muda huo mawimbi ya redio yanaenda mwezini, yanarudi, na muda unabaki. Kwaiyo mtu mmoja akisimama karibu na mfuko wako na kifaa, mwenzake akawa kwenye mashine ya malipo mji mwingine, wanapitisha maswali na majibu kwenye intaneti na mashine haishtuki. Mwaka 2024 ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza programu hasidi waliyoiita NGate inayofanya hivyo kwa simu ya Android ya mwathirika, anadanganywa aguse kadi yake mwenyewe nyuma ya simu na mawasiliano yanatumwa kwa mwizi.

Na kuna ile ya 2021 ya watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham na Surrey ambayo mpaka leo nikiisoma nasikitika. Walichukua iPhone iliyofungwa, yenye kadi ya Visa iliyowekwa kwa ajili ya kupita haraka kwenye mageti ya usafiri. Mageti hayo yanarusha ujumbe wa kipekee unaoiambia simu hapa ni getini, usisumbue mtu kwa kidole wala uso. Wao wakaurusha ule ujumbe wenyewe, wakapitisha mawasiliano kwenye mashine ya kawaida ya dukani, na njiani wakabadilisha biti chache zinazosema mwenye simu amethibitisha. Ikalipa pauni 1,000 na kioo kimefungwa. Hakuna kidole kilichogusa, hakuna uso ulioonekana.

Kilichovunjika pale ni kile kitu ambacho sensa zote hizi nilizozitaja haziwezi kukupa, ridhaa. Kuwa karibu sio kukubali. Moyo wangu kupiga sio kukubali, nikiwa usingizini moyo unapiga vizuri tu na kidole changu kinafungua simu vilevile kama nikiwa macho. Ndo maana kwenye malipo ya saa kile kitendo cha kubonyeza kitufe cha pembeni mara mbili nakiona cha thamani sana, ni kidogo lakini ni changu, nimekifanya kwa makusudi. Natamani kabla ya kila malipo makubwa kioo kinioneshe kiasi na jina la anayelipwa na kingoje nibonyeze, na chipu ifunge hilo jibu pamoja na kiasi hichohicho ili lisiweze kutumika kwa kingine. Sheria ya malipo ya Ulaya inadai jambo la namna hiyo kwa malipo ya mtandaoni, msimbo wa uthibitisho uungane na kiasi na mpokeaji. Sensa za mwili ziseme nipo, ukaribu useme kifaa changu kipo hapa, alafu kidole changu kiseme ndio nalipa. Zote tatu. Ukiondoa moja ndo hapo wanapoingilia.

Nimesahau kusema kuhusu mama yangu, na yeye ndo sababu nyingine ya mimi kulishikilia hili. Vidole vyake vimesagika kwa kazi za mikono za miaka yote, mistari haisomeki, simu inamkataa mara nne tano mpaka anakata tamaa, na mwisho anamtajia namba ya siri yeyote aliye karibu amsaidie kulipa. Mtu kama huyo saa inayoandikwa namba ya siri mara moja kwa siku ingemfaa kuliko kitu chochote. Ila na saa zina watu zinawaacha, mwaka 2015 wenye tatuu nyeusi kwenye kifundo cha mkono waligundua saa zao zinadhani zimevuliwa, na rangi ya ngozi nayo inameza mwanga wa kijani kwaiyo ngozi nyeusi inahitaji mwanga mkali zaidi ili sensa isome sawasawa. Wanaotengeneza wakijaribu kwenye mikono ya aina moja tu, sisi wengine tutafungiwa nje ya hela zetu. Na hayo mapigo yabaki kwenye saa, kinachotoka kwenda kwenye malipo kiwe ndio au hapana basi, benki haina kazi na moyo wangu.

Mimi kwa sasa nimewasha kufuli ya kunyang'anywa kwenye simu, kioo kinajizima baada ya sekunde 15, ile njia ya kupita getini bila kuthibitisha nimeizima, namba ya siri ya pochi, ile programu ya hela kwenye simu, ni tofauti kabisa na ya simu, na nikiwa kwenye watu naweka kiganja juu ya herufi. Saa nimeibana tundu moja zaidi.

Pochi yenyewe niliyoibiwa hela haisomi sensa hata moja. Haiangalii saa iko wapi, haioni mtikisiko, ukiwa na zile tarakimu wewe ndo mimi. Niliwaandikia, nikawaeleza yote haya kwa utaratibu, wakanijibu kwamba nibadilishe namba ya siri. Jana nimewaandikia tena, safari hii nimeweka na vile vipimo vyangu vya bluetuthi.